Maswali ya Wasomaji: Sikio Linalouma na Sikio Linalosingiziwa

Kila kipupwe kinapoanza kupeperusha vumbi kutoka Chamwino hadi Manyoni, barua zinazohusu masikio huongezeka mezani pangu. Safari hii nimechagua tano. Waandishi wake nimewatambulisha kwa makazi na shughuli zao tu, na nimefupisha maelezo yao pasipo kubadilisha maana.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, nina miaka 34. Kwa miezi miwili sasa sikio langu la kulia linauma, hasa ninapoamka na wakati wa kula. Nimenunua dawa ya matone mara tatu katika duka la dawa, kila mara ya aina tofauti, bila nafuu. Juzi nilikwenda kituo cha afya, tabibu akalimulika sikio na kuniambia kwamba ni zima kabisa. Mama mkwe wangu anasema sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo nijiandae kuwa kiziwi. Je, sikio linaweza kuwa zima na bado likauma kiasi hiki?

JIBU: Linaweza, na kwa watu wazima hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Sikio hupata hisia zake kupitia mishipa ya fahamu kadhaa, na hakuna hata mmoja unaolihudumia sikio peke yake. Mmoja huhudumia pia meno na taya, mwingine hupita kwenye mafindofindo na nyuma ya ulimi, mwingine huteremka hadi kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na mingine hutoka shingoni. Taarifa ya maumivu inapofika kwenye ubongo kupitia njia hizo za pamoja, ubongo hushindwa kujua imeanzia wapi, na mara nyingi hulitupia sikio lawama. Ni kama wapangaji wanne wanaotumia luku moja: umeme ukiisha kabla ya wakati, huwezi kujua kwa kuitazama mita ni nani aliyeacha pasi imewaka.

Kwako wewe ninalishuku zaidi taya. Kiungo cha taya kipo mbele kidogo tu ya tundu la sikio, na maumivu yanayozidi wakati wa kutafuna na wakati wa kuamka ndiyo desturi yake, kwa kuwa watu wengi husaga au kubana meno usingizini bila kujua. Weka ncha za vidole mbele ya masikio yote mawili, kisha ufungue na kufunga mdomo polepole. Ikiwa upande wa kulia unauma ukiubonyeza, unakwaruza au unatoa mlio wa kualika, utakuwa umeupata ushahidi mzuri. Niruhusu pia niulize jambo ambalo hukuliandika: je, huwa unakata uzi kwa meno na kushikilia pini mdomoni unapopima nguo? Nimekutana na mafundi kadhaa wenye mazoea hayo, na taya hulipa gharama yake.

Kwa muda wa wiki mbili hadi tatu kula vyakula laini, uache miwa, mahindi ya kuchoma, karanga na bigijii, utumie mkasi kukatia uzi, na uweke kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa dakika 15 mara mbili kwa siku. Parasetamoli inatosha kutuliza maumivu. Zaidi ya hayo, mwone daktari wa meno, kwa sababu gego la mwisho lililooza linaweza kukaa kimya kabisa lenyewe huku likilisumbua sikio.

Zipo hali nyingine ambazo singependa msomaji yeyote azipuuze, ingawa kwa maelezo yako sidhani kama zinakuhusu. Mtu mzima, hasa mvutaji wa tumbaku au mnywaji wa pombe kali, ambaye sikio lake moja linauma bila kuonekana kasoro, na ambaye pia sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au anapata shida kumeza, au ana uvimbe shingoni, au anapungua uzito, anahitaji kuchunguzwa koo haraka, kwa kuwa saratani ya koo huweza kuanza kujitangaza kwa maumivu ya sikio. Na wale ambao maumivu yao yanafuatana na malengelenge ndani au pembeni ya sikio, au uso kupinda, wajue kwamba huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi uliougusa mshipa wa uso. Matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku tatu.

Kuhusu chupa tatu za dawa, hapo nina manung'uniko. Ulitibiwa mara tatu kabla ya mtu yeyote kulitazama sikio. Baadhi ya dawa za matone zina gentamaisini, ambayo ikipenya kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka inaweza kuudhuru usikivu wenyewe. Kulimulika sikio ni kazi ya dakika moja, na ilipaswa kutangulia chupa ya kwanza. Mama mkwe naye mweleze kwa heshima kwamba methali ile iliwalenga watu wasiosikia maonyo, na kwamba sikio lako bado lina uhai mrefu.

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaandika kutoka Kongwa. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Alipata mafua, kisha usiku mmoja akalia hadi alfajiri huku akilishika sikio. Asubuhi usaha ulitoka na kilio kikakoma, nikamshukuru Mungu. Sasa ni wiki ya tatu, usaha unatoka, unakauka, unarudi tena. Bibi yake anamdondoshea maziwa yangu ya kifua pamoja na maji ya kitunguu saumu, kama alivyowafanyia watoto wake wote. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Kilio kile kilikoma kwa sababu ngoma ya sikio ilipasuka. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, ambacho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi, hivyo mafua hupanda kwa urahisi na kuuziba. Usaha hujikusanya, huisukuma ngoma kutoka ndani, na maumivu yake humfanya mtoto asitulizwe kwa nyonyo wala kwa kubebwa. Ngoma inapopasuka, msukumo huisha na mtoto hulala. Wazazi wengi huamini kwamba ugonjwa umekwisha siku hiyo, ilhali kilichokwisha ni msukumo.

Kwa kawaida tundu hilo huziba lenyewe baada ya muda. Lakini usaha ukiendelea kwa siku 14 au zaidi, tatizo huhesabiwa kuwa sugu na tiba yake hubadilika: dawa za kunywa hufanya kazi kidogo, na nguvu huhamia kwenye kulikausha sikio na dawa ya matone ya jamii ya siprofloksasini, ambayo mhudumu wa afya atakuandikia kwa wiki mbili. Mpeleke zahanati au kituo cha afya wiki hii hii, na omba sikio limulikwe.

Kukausha ni kazi yako nyumbani, na ndiyo inayoamua kama dawa itafika. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, ukisokote kiwe utambi laini, ukiingize taratibu kwenye tundu la sikio, ukiache hadi kilowe, kisha ukitoe na kuweka kingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu, ndipo uweke matone. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie njiti wala karatasi, na usiache pamba imeziba sikio. Wakati wa kumwogesha, maji yasiingie.

Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto, na bakteria walio ndani ya sikio lenye usaha nao hukipokea vizuri. Maji ya kitunguu saumu huchoma ngozi laini na, kupitia tundu la ngoma, hufika mahali yasipotakiwa kufika. Ninajua si rahisi kumkatalia bibi mwenye uzoefu wa kulea. Pengine mwende naye kliniki, ayasikie haya kwa mhudumu badala ya kuyasikia kwako, kwa sababu neno la mkwe kwa mama mzazi wa mumewe lina uzito wake na lina hatari zake.

Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio likasukumwa mbele, au mtoto akapata homa kali, shingo ngumu, kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida au uso kwenda upande, usingoje asubuhi. Huenda maambukizi yameingia kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na kutoka hapo ubongo hauko mbali. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Mambo mengine mawili madogo: moshi wa kuni katika jiko lililofungwa huongeza magonjwa haya kwa watoto, kwa hiyo asikae nawe jikoni, na angalia kadi yake kama alipata chanjo zote tatu za nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo, inayotolewa nchini tangu mwaka 2013, hupunguza pia baadhi ya maambukizi ya sikio.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi Iyumbu jijini Dodoma, na husafiri kwenda Dar es Salaam mara mbili kwa mwezi kwa treni ya SGR au kwa ndege. Jambo linalonishangaza ni kwamba nikienda Dar masikio huziba na wakati mwingine huuma, lakini nikirudi Dodoma hayanisumbui sana. Safari ya mwisho nilikuwa na mafua. Tangu hapo, leo ni siku ya tisa, sikio la kushoto limeziba, linaalika kama bisi ninapomeza, na sauti yangu naisikia kama ninazungumza ndani ya pipa.

JIBU: Kitendawili chako kinateguliwa na ramani. Dodoma ipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam ipo ufukweni. Unapopanda, hewa ya nje hupungua uzito, na ile iliyo ndani ya chumba cha sikio hutoka yenyewe kupitia mrija niliomweleza mama wa Kongwa. Unapoteremka mambo hugeuka: hewa ya nje huongezeka msukumo, ngoma hubonyea kwa ndani, na hewa inapaswa kuingia kupitia mrija ambao kwa kawaida umefumba na hufunguka tu unapomeza au kupiga mwayo. Kutoka ni rahisi, kuingia ni kazi. Kwa ndege tofauti ni hiyo hiyo: hewa ya ndani hushindiliwa, lakini si hadi kiwango cha ufukweni, kwa hiyo masikio hupata kazi kubwa zaidi kutua Dar kuliko kutua Dodoma. Katika treni, ule mtikisiko wa ghafla unaousikia masikioni kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa hutokana na treni yenyewe kuisukuma hewa iliyobanwa ndani ya handaki.

Mafua yako yaliuvimbisha mrija, ukashindwa kazi yake katikati ya safari, na sasa pengine kuna majimaji nyuma ya ngoma. Kualika unapomeza ni dalili nzuri, kwa maana mrija unajaribu kufunguka. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, meza mate na kupiga miayo mara kwa mara. Mafua yakiisha kabisa, unaweza kubana pua na kupuliza kwa upole sana huku umefumba mdomo. Dawa ya matone ya kuzibua pua isizidi siku tano, na mwenye shinikizo la damu aulize kwanza. Ndege isubiri hadi sikio lizibuke, na ikiwa safari haina budi, usilale wakati ndege inapoteremka. Akina mama wawanyonyeshe watoto wao wakati huo huo.

Kuna jambo moja nataka ulijaribu leo. Funga mdomo, gugumia "mmm" kwa sauti ya chini, na usikilize sauti inaegemea upande gani. Ikiegemea sikio lililoziba, maelezo yangu ya hapo juu yanakaa sawa. Ikiegemea sikio zima, na hasa kama kuziba kulitokea ghafla, ndani ya saa chache, basi huenda si mrija bali ni sikio la ndani lililopoteza usikivu, na hilo linahitaji daktari bingwa wa masikio, pua na koo mara moja, kwa sababu dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza mapema, na baada ya wiki mbili faida yake hupungua sana. Nimeona watu wakiitumia nafasi hiyo kusubiri mafua yaishe. Hata bila ya hayo, sikio moja la mtu mzima likiziba kwa zaidi ya wiki sita, nyuma ya pua panapaswa kutazamwa.

SWALI: Ninafanya kazi saluni, Majengo. Masikio yananiwasha mno, nami hupata raha kuyachokoa kwa njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba. Ajabu ni kwamba nikichokoa kwa ndani ninakohoa. Je, nina kifua?

JIBU: Huna kifua. Umeugusa mmoja wa mishipa ile ile niliyomweleza fundi cherehani, ambao unahudumia pia njia ya hewa, na baadhi ya watu hukohoa wanapouchokoza.

Nta ya sikio haipaswi kuitwa uchafu. Huilainisha ngozi, hunasa vumbi na kuzuia vijidudu, kisha hutoka yenyewe taratibu. Unapoichokoa, ngozi hukauka na kuwasha, ukachokoa tena, na nta inayobaki unaishindilia ndani kama mtu anayejaza gunia la alizeti. Acha njiti kwa mwezi mmoja, linda masikio dhidi ya sabuni na dawa za nywele, na kama hujawahi kutokwa usaha wala kutoboka ngoma, weka tone moja au mawili ya mafuta ya zeituni usiku. Bibi zetu wa Kigogo walitoboa ndewe zao na kuzipanua hadi zikaning'inia, na hawakuwa viziwi, maana ndewe haina kazi kubwa katika kusikia. Hatari ipo ndani ya tundu. Ukianza kuumia unapolivuta sikio, hayo ni maambukizi ya ngozi ya tundu na yanatibika. Ila mwenye kisukari anayepata maumivu makali ya sikio yanayomnyima usingizi aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa wateja wako ni wanawake wenye watoto, waambie pia haya: mdudu akiingia sikioni, mwache mgonjwa alale ubavu, mdondoshee mafuta ya kula ya uvuguvugu ili mdudu afe, halafu atolewe na mhudumu wa afya. Punje ya mtama au harage isiwekewe maji, kwa kuwa itavimba. Betri ndogo ya saa isiwekewe chochote, ikimbizwe hospitali.

SWALI: Mbukwenyi! Mwanangu daktari, mimi ni mzee wa miaka 68, Mpwapwa. Nimeendesha mashine ya kusaga kwa miaka 26, na sasa mjukuu wangu ndiye anayeiendesha. Masikio yangu yote yanalia kama nyenje, usiku zaidi. Wengine wanasema ninasengenywa, wengine wananiuzia dawa ya mizizi. Je, ipo dawa ya kuunyamazisha mlio huu?

JIBU: Mbukwa, mzee wangu, na shikamoo. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinywele ambazo hugeuza sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Kelele za miaka huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo unapokosa taarifa kutoka kwenye chembe hizo, hujiongezea sauti wenyewe, kama redio inayovuma pale stesheni ilipopotea. Kwa hiyo nyenje hao hawamo kijijini, na hakuna anayekusengenya, walau si kwa njia hiyo.

Kabla ya kulikubali jibu hilo, omba sikio limulikwe kuona kama nta imeziba, upimwe shinikizo la damu na wingi wa damu. Ukumbuke pia dawa ulizowahi kutumia. Kwinini huleta mvumo masikioni ambao kwa kawaida huondoka dozi ikiisha, lakini sindano za streptomaisini zilizotumika kutibu kifua kikuu, na zile za gentamaisini, zinaweza kuacha madhara ya kudumu. Mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au ulio katika sikio moja tu, unahitaji daktari bingwa.

Dawa ya kumeza iliyothibitika kuufuta mlio haipo, na mizizi unayouziwa usiinunue. Linalosaidia ni kupimwa usikivu, kwa sababu kifaa cha kusaidia kusikia, kikikufaa, huurudishia ubongo sauti uliyokuwa ukiitafuta, na mlio hupungua makali. Usiku usilale katika ukimya mtupu. Iache redio kwa sauti ya chini sana. Baada ya miezi kadhaa watu wengi huuzoea mlio kama tunavyozoea mlio wa saa ya ukutani.

Sasa nizungumze na mjukuu wako. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku inatosha kuanza kudhuru, na kadiri inavyopanda, muda wa usalama hupungua upesi. Kama analazimika kupaza sauti ili asikike na mteja aliyesimama umbali wa mkono mmoja, kipimo hicho kimeshavukwa. Pamba ya kawaida haimkingi. Anunue vifunika masikio vya viwandani, au vizibo vya sponji vinavyojaza tundu, na aanze kuvivaa msimu huu huu, mtama unapoanza kuletwa mashineni.